Muo wa Kitambaa Chekundu

28 Mei 1949

Tumefika Bonde la Pasigo saa nane mchana, hoi, lori limechemka mara mbili njiani. Tuko watatu: mimi, binti yangu Verlene ambaye mimba yake ina miezi saba, na Mama Mkubwa Hattie, dada yake marehemu mama. Mume wa Verlene ametushushia hema na mizigo, akageuza kurudi Fort Hall, hifadhi ya serikali tunakoishi sisi Wahindi Wekundu, kwenye mashamba ya viazi. Atatufuata mwisho wa Juni.

Maua ya pasigo, viazi vyetu vya mwituni, yamechanua. Kutoka juu ya kilima bonde zima lilikuwa la buluu, na Verlene akadhani ni ziwa.

"Hata mimi mwaka wangu wa kwanza wa kuchimba nilidhani hivyo," Mama Mkubwa akamwambia. "Nikavua viatu kabisa."

Alisema bila kucheka. Mama Mkubwa hajacheka tangu majira ya baridi.

Naandika humu kwa sababu nilizoea shuleni, na kwa sababu lipo jambo ambalo sina wa kumwambia. Mama alipofariki mwezi wa pili, tulifanya kama watu wetu wanavyofanya. Tulikata nywele. Nguo zake, blanketi zake, hata kile kiti chake cha jikoni, vingine vilichomwa na vingine vikaenda naye kaburini. Jina lake halitajwi tena. Aliyekufa akiitwa hugeuka, na akiona kitu chake kimebaki hukifuata. Mama Mkubwa ndiye aliyesimamia yote hayo. Alipekua kila kona ya nyumba, akachoma mpaka picha, nami nimesimama mlangoni namtazama na kumchukia.

Kitu kimoja hakukipata. Muo wa mama wa kuchimbia pasigo, ule wa mti mgumu uliopinda kidogo nchani, nilikuwa nimeuficha chini ya kiti cha lori. Nimeung'oa mpini wake wa pembe ya kulungu, nikatia wa mti, nikauzungushia kitambaa chekundu. Sasa unafanana na muo wa mtu yeyote. Nilitaka kitu kimoja tu. Kimoja tu, jamani, katika nyumba nzima.

Leo nimempa Verlene. Nimemwambia nilibadilishana shanga na mwanamke mmoja wa hifadhi ya Duck Valley. Verlene alikuwa shule ya bweni ya serikali miaka yote ile, hakuwahi kuchimba na bibi yake. Hawezi kuutambua.

29 Mei

Upepo kutwa. Mama Mkubwa amekwenda kwa Bwana Lindquist, Mzungu mwenye ardhi hii, kuomba ruhusa ya kuchimba. Kila mwaka anaomba, kila mwaka anapewa, na kila mwaka anarudi amenuna kwa sababu ameomba.

31 Mei

Tumeanza. Verlene hajui kitu. Anachoma muo wima, anakata kiazi katikati, halafu anacheka. Mama Mkubwa amemkalisha chini akamfundisha: ingiza muo kwa mshazari, egemea, inua kipande cha ardhi pamoja na majani yake, toa viazi vikubwa, vidogo viache, kisha rudisha kipande mahali pake ukikandamize kwa kiganja.

"Mwakani utakuja kuvikuta," akamwambia. "Nguruwe ndiye anayeacha ardhi wazi."

Akasimulia tena habari za nguruwe. Mama Mkubwa alizaliwa mwaka ule ule walowezi wa Kizungu walipofungulia nguruwe wao humu bondeni, wakafukua pasigo yote, na watu wetu waliokuja kuchimba wakakuta matope. Ndipo vita vikaanza. Yeye alikimbizwa mgongoni mwa mama yake, hana hata wiki tatu.

Na zile nyeupe. Amemwonyesha mara tatu. Zenye maua ya buluu ni chakula, zenye maua meupe ni kifo, na kiazi cha hii na cha ile ni kama vitunguu viwili vya fungu moja, huwezi kuvitofautisha. Kwa hiyo tunachimba wakati wa maua. Maua yakishapukutika, hakuna anayekwenda upande wa mawe meusi, kwa sababu huko nyeupe ni nyingi.

"Nimeelewa, Bibi Mkubwa," Verlene akasema.

"Kuelewa si kazi. Kukumbuka ndiyo kazi."

2 Juni

Asubuhi nilikuta shimo hatua kumi kutoka hemani. Yaani si shimo, ni kipande cha ardhi kilichoinuliwa na kurudishwa, majani yake yamelala kidogo. Nilikiinua kwa vidole. Chini kulikuwa na viazi vidogo tu. Vikubwa vimetolewa.

Nilimwita Mama Mkubwa. Akaja, akatazama.

"Nyegere," akasema, akaenda kuwasha moto.

Nyegere harudishi majani.

3 Juni

Mawili.

4 Juni

Matano, kwa mstari, kutoka hemani kuelekea bondeni. Nafasi kati ya moja na jingine ni hatua moja fupi. Mama alikuwa na hatua fupi.

Sitasema neno. Nikisema itabidi niseme lote.

6 Juni

Saa sita mchana, jua limesimama, hakuna hata upepo wa kuzima kiberiti, mara kisulisuli kidogo cha vumbi kikatoka upande wa mawe meusi. Kikaja polepole juu ya maua. Ajabu ni kwamba maua yaliinama na kuinuka, hayakukatika. Kilifika kwa Verlene kikamzunguka, yeye amefumba macho kwa sababu ya vumbi.

Mama Mkubwa alisimama, ingawa magoti yanamuuma. Hakupaza sauti.

"Pita zako," akasema. "Hapa hakuna chako. Kila kitu chako tumekupa. Pita zako."

Kisulisuli kilibaki pale pale, kama mtu anayesubiri uongo wako uishe. Kisha kikatulia, vumbi likaanguka juu ya magoti ya Verlene. Mama Mkubwa alichoma majani machungu ya nyikani akamfukiza kichwa mpaka miguu. Verlene alikuwa anakohoa na kucheka.

"Bibi Mkubwa, utanikausha kama samaki."

"Afadhali ukauke."

Mimi sikuinua macho. Nilikuwa natazama muo, kitambaa chekundu kimejaa vumbi.

9 Juni

Mkono wa Verlene umebadilika. Anachimba vizuri mno. Anaingiza muo kwa mshazari, anaegemea kwa kiuno, kipande kinainuka kizima. Kila baada ya mashimo manne anasimama na kuweka mgongo wa kiganja kiunoni, vidole vimekunjwa. Nikajiambia ni mimba, kila mwenye mimba hushika kiuno. Lakini si hivyo wanavyoshika.

Jioni tulipokuwa tunamenya, nilikuwa nakata mizizi kwa haraka. Akasema bila kuniangalia, "Dela, pole pole, unatupa nyama."

Jina langu ni Idella. Dela aliniita mtu mmoja tu.

"Umesemaje?"

"Nini?"

"Umeniita nani?"

"Sijakuita, Mama. Nimesema nini?" Akacheka, na kicheko kilikuwa chake mwenyewe. Mama Mkubwa alikuwa amekwenda kuteka maji, hakusikia. Nilimshukuru Mungu kwamba hakusikia, kisha nikajiona mtu mbaya.

Nifanyeje? Nikimnyang'anya muo ataniuliza kwa nini. Na ukweli nitauandika hapa, kwa kuwa siwezi kuusema kwingine: ninafurahi. Ninaogopa na ninafurahi. Nilikaa karibu naye mpaka mboni za macho zikauma, nikingoja aseme tena.

10 Juni

Mvua. Hatukuchimba. Mashimo mapya kumi na moja, hata kwenye matope, hakuna unyayo.

13 Juni

Bwana Lindquist amepita na farasi wake kukagua uzio. Ni mtu mwema kwa namna yake, ana sauti kubwa, anatusemesha kama viziwi.

"Mwaka huu mmekuja wanne, naona," akasema.

"Watatu," Mama Mkubwa akamjibu.

"Na yule mdogo wako je? Yule mfupi wa shali ya kijani. Nimemwona jana na juzi anachimba pamoja na huyu msichana. Nikampungia mkono, hanijibu. Nimemkosea nini?"

Hajui. Nani angemwambia? Mama alimletea pasigo iliyopikwa kila mwaka tangu nikiwa binti, na yeye alipenda sana.

Mama Mkubwa alimjibu kwamba mdogo wake hasikii vizuri siku hizi. Alipoondoka, aliingia hemani. Alimwaga mifuko yote. Alikunjua blanketi zangu, akapapasa pindo za gauni langu, akafungua mpaka kopo la unga. Muo ulikuwa umeegemezwa nje, mbele ya macho yake, na mpini wake mwekundu.

"Idella. Umebaki na nini chake?"

"Sina kitu."

"Niangalie."

Nikamwangalia.

"Sina kitu, Mama Mkubwa. Wewe mwenyewe ulichoma. Hukuniachia hata kifungo."

Alikaa chini juu ya nguo zilizomwagika. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyozeeka. Mkono wake ulikwenda kifuani, ukashika kitu ndani ya nguo, ukakiachia. "Basi sielewi," akasema. "Basi sielewi anafuata nini."

Sikulala vizuri. Nilimchukia miezi minne kwa kutokuwa na moyo, na leo mimi ndiye niliyemtazama mwanamke mzee usoni na kumdanganya.

16 Juni

Maua yamepukutika karibu yote. Bonde limegeuka kijani tupu. Mama Mkubwa amesema tufunge kazi. Tumechimba shimo la kuokea, tumeweka mawe, tumechoma kuni kutwa, tumepanga pasigo juu ya majani mabichi na kufunika kwa udongo. Itakaa humo siku tatu. Verlene amenyamaza. Nilimuuliza kama mtoto anacheza, akasema, "Anasikiliza."

18 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi Verlene alisema anakwenda kijitoni kunawa. Saa sita hakuwa amerudi. Nilikwenda kijitoni: kitambaa cha kujifutia kiko juu ya jiwe, kimekauka. Nikarudi hemani. Muo haupo.

Nilimwita Mama Mkubwa kwa sauti ambayo sikuijua. Tukaanzia pale penye mashimo ya zamani, na mbele yake tukakuta mapya. Mistari miwili. Mmoja wa hatua ndefu, mashimo makubwa, wa mtu mzito. Mwingine kando yake, karibu mno, wa hatua fupi. Hivyo ndivyo wanawake wawili wanavyochimba wakitaka kuzungumza. Udongo wa mistari yote miwili ulikuwa bado na unyevu.

Mama Mkubwa alitazama ule mstari wa pili. Alishika mkono wangu, akaukaza mpaka pete ikaniuma, nasi tukafuata. Mistari ilipita kijito, ikapita uzio wa Bwana Lindquist, ikaelekea mawe meusi moja kwa moja. Hakukuwa na sauti ya ndege hata mmoja. Nilisikia pumzi ya Mama Mkubwa tu, na nikamsikia akinong'ona, "Mwache, mdogo wangu. Mwache, ni mtoto."

Tulimkuta ameketi chini ya mawe, miguu ameinyoosha, mgongo umetuelekea. Anazungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye na mgeni. Mbele yake viazi vimegawanywa mafungu mawili sawa. Kila kimoja kimemenywa, cheupe, safi. Upande wa pili wa mafungu majani yalikuwa yamelala, mahali pa mtu mmoja mdogo kuketi.

"Verlene," nikasema.

Akageuka. Alikuwa anatafuna.

"Mama, karibuni. Bibi amesema hizi za huku ni tamu zaidi. Amesema mtoto ana njaa."

Nilimtia vidole mdomoni. Hakupigana nami, alishangaa tu. Nilitoa nusu ya kiazi. Nusu nyingine ilikuwa imeshakwenda. Mama Mkubwa alimshika kichwa, nami nikamlazimisha kutapika, tena na tena, kisha maji ya kijitoni, kisha tena. Midomo yake ilikuwa imekufa ganzi, hawezi kusema vizuri. Mate yalimtoka. Tulimbeba baina yetu, wanawake wawili na tumbo lile, mpaka uzioni, kisha mpaka hemani, na sijui tulimbebaje.

Hemani moyo wake ulikuwa unapiga kidogo kidogo, unaacha, unapiga. Nilikaa na sikio langu kifuani mwake. Mama Mkubwa aliweka kiganja juu ya tumbo lake, akangoja. Akaniambia bila ukali wowote, "Sasa niambie, mwanangu."

Nikamwambia.

Hakunipiga. Hakunitukana. Alikwenda tena mpaka mawe meusi, akarudi na muo, akaketi mlangoni penye mwanga na kufungua kitambaa chekundu, mzunguko baada ya mzunguko. Chini ya kitambaa, kwenye mti wa muo wenyewe pale unapoungana na mpini, kulikuwa na alama ya kuungua, tangu mama alipouangusha motoni zamani sana. Mama Mkubwa alipapasa alama hiyo kwa kidole gumba.

"Mimi ndiye niliyemsukuma siku hiyo," akasema. "Tulikuwa tunacheza. Mimi na miaka kumi na minne, mdogo wangu kumi na moja."

Kisha akaingiza mkono kifuani akatoa kifuko cha ngozi. Ndani kulikuwa na kipande cha picha, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Uso wa mama.

"Ile picha niliyoichoma mbele yako," akasema, "nilikuwa nimeikata kwanza."

Tulitazamana. Mimi nilijiona mwizi na kumwona yeye jiwe, kumbe tulikuwa tunamvuta mama sote wawili, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, naye akija kama alivyoitwa.

"Kwa nini amlishe sumu?" nikauliza. "Mama yangu hawezi. Mama yangu alikuwa anamtafunia Verlene nyama."

"Hana ubaya. Yuko peke yake. Ameona anaitwa, akaja, akakuta mjukuu, akataka kukaa naye. Hajui tena kwamba kwao na kwetu chakula ni tofauti."

Jua lilikuwa linazama Verlene alipofungua macho akasema ana kiu. Mtoto alikuwa ametulia bado.

19 Juni

Asubuhi, kabla hatujanywa chai, Mama Mkubwa akasema, "Njoo ushike hapa." Nikaweka kiganja tumboni kwa Verlene. Teke. Jingine. Mama Mkubwa alicheka, kicheko kifupi chenye kukwaruza, halafu akafunga mdomo kwa mkono kama aliyejisahau.

Tulimwacha Verlene na mke wa Bwana Lindquist, aliyekuja na supu, tukaenda sisi wawili mpaka mawe meusi. Pale mistari miwili inapokoma nilichimba kwa muo wenyewe, kwa mshazari, nikiegemea. Ni mara yangu ya kwanza kuushika kuchimbia. Unakaa vizuri sana mkononi. Nilitaka sana kuendelea kuushika, na Mama Mkubwa aliliona hilo, akasubiri.

Tuliulaza shimoni. Juu yake Mama Mkubwa akaweka kifuko cha ngozi. Kisha akasema naye, kwa sauti ya kawaida, kama wanavyoagana watu wawili kituo cha gari.

"Haya, mdogo wangu. Chukua. Tulikosea, tulikuwa na uchungu. Mjukuu wako anabaki huku. Tutakuja sote, mmoja mmoja, usiwe na haraka. Usirudi tena."

Nilirudisha kipande cha ardhi na majani yake, nikakikandamiza kwa kiganja mpaka hapakuonekana kitu. Tuliondoka bila kugeuka nyuma. Nyuma yetu nilisikia upepo ukizunguka mara moja juu ya majani, kisha ukaenda juu, ukaisha.

20 Juni

Tumefukua shimo la kuokea. Pasigo imeiva, nyeusi, tamu kama sukari iliyoungua. Verlene amekula mbili. Anakumbuka kwamba alikwenda kijitoni, zaidi ya hapo hakumbuki. Amesema mkono wake wa kulia unauma kana kwamba amechimba mwezi mzima. Mama Mkubwa amejaza kopo moja na kumpelekea Bwana Lindquist mwenyewe kwa mikono yake. Amemwambia kuwa mdogo wake amefariki.

23 Juni

Hakuna shimo.

26 Juni

Hakuna. Nywele zangu zimeshuka chini ya masikio.

29 Juni

Lori limefika. Wakati wakikunja hema nilisema nimesahau kisu kijitoni, nikaenda. Sikusahau kitu. Nilitembea bonde zima kwa hatua fupi, macho chini, nikiinua majani kwa vidole kila nilipoona yamelala. Ardhi ilikuwa nzima kila mahali. Nilitafuta mpaka waliponiita mara ya tatu.

Niliposimama niliona Mama Mkubwa upande wa pili wa kijito, ameinama, naye anainua majani.